Mzee Fulani wa Kamati ya Maji

Kiirua, Meru
14 Juni 1993

Kwa Mjomba Ndwiga,

Nakuamkia, Mjomba, wewe na Mama Nyamu na wote walio hapo Kibugu. Huku kwetu tunashukuru Mungu. Kifua cha Baba kimetulia. Mama anakusalimu, na anasema kaka yake siku hizi amekuwa kama mvua ya Buuri, habari zake tunazisikia kwa wengine. Viazi vya bondeni vimekubali, ila vile vya juu viliungua majani kwa umande ulioganda.

Nina kazi sasa, labda Mama alikuambia. Niko na kikundi cha wataalamu wanaochunguza barafu ya Mlima Kenya. Mkuu wetu ni Daktari Hauser kutoka ng'ambo, na katika kikundi chote mimi ndiye mwenyeji pekee, na mwanamke pekee. Tumepanga nyumba hapa Kiirua kando ya barabara ya Nanyuki, na tunapanda mlimani kila baada ya majuma kadhaa. Kule juu tunatoboa barafu na kusimika fito ndefu ndani yake. Ufito tuliouacha umezama wote, tukirudi tunaukuta umesimama wazi hadi kifuani pangu. Hicho ndicho kiasi kilichoyeyuka. Liko jiwe moja ambalo wataalamu wa zamani walilipaka rangi kuonyesha barafu ilipokomea mwaka wa uhuru. Leo ukisimama kwenye jiwe hilo, ukimwita mtu aliye kwenye barafu, hakusikii.

Sasa, Mjomba, nina ombi. Tunataka kujua pia mito inavyoendelea. Kwenye Rupingazi tungependa kusimika mabomba mawili ya chuma, moja juu ya mdomo wa mfereji wenu na jingine chini yake. Juu ya kila bomba kuna kisanduku chenye kalamu inayochora mwenyewe kimo cha maji. Wewe ni mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Ukisema neno, watu watakubali.

Mpwa wako,
Kiende


Kibugu, Embu
2 Julai 1993

Mwanangu Kiende,

Barua yako niliipokea Jumapili baada ya ibada, nikaisomea pale pale nje ya kanisa. Mama Nyamu goti bado linamsumbua lakini majani chai anachuma, hakatazwi na mtu. Nyamu amepata kazi Runyenjes. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mwambie dada yangu Alice kwamba kaka yake yupo, ni miguu tu haimpeleki mbali kama zamani.

Ombi lako nililipeleka mbele ya kamati. Gitari, karani wetu, aliuliza maswali mengi, maana Gitari hanunui mbuzi kabla ya kumfungua mdomo. Niliwaambia: huyu anayeomba si mgeni, ni mtoto wa dada yangu, damu yetu, amesoma mpaka akafika kwenye kilele cha mlima wetu Kirinyaga. Wakakubali. Hata mchungaji alilitaja jambo hilo mimbarani, na watu wakageuka kunitazama.

Mlinzi wa hayo mabomba nimekupatia. Anaitwa Rwamba, mtu wa Mbeere huko chini kwenye ukame, amenichumia majani miaka mingi na sijawahi kumkuta na uongo. Alisita kidogo. Alisema kama kitu kikiharibika, mtu wa mbali ndiye hushikwa kwanza. Nikamwambia, ukiwa na mimi nyuma yako hutashikwa na mtu.

Nami nina swali. Ni kweli hiyo barafu inakwisha? Babu yako alikuwa akiamka, hanawi uso kabla ya kuutazama mlima. Siku ukionekana mweupe alisema Ngai, Mungu wake wa mlimani, ameamka vyema. Mimi ni mzee wa kanisa na mambo hayo niliyaacha, lakini asubuhi bado natazama. Barafu ikiisha, na Rupingazi itaisha?

Ni mimi mjomba wako,
Ndwiga


Kiirua
21 Agosti 1993

Mjomba mpendwa,

Salamu za nyumba nzima. Mama amefurahia habari za ndama kama amepewa yeye. Baba amerudi shambani, hatumwezi.

Mabomba yamesimama imara, na tunashukuru kwa mapokezi yale. Daktari Hauser alisema hajawahi kuona kijiji kikibeba vyombo vyake kwa nyimbo. Rwamba ameelewa kazi yake upesi.

Kuhusu swali lako nitasema kweli, maana sipendi kukupa faraja ya uongo. Barafu inakwisha. Ulimwengu unapata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, mwingi wake wa nchi za mbali, na mlima wetu unalipia. Watoto wangu, kama nitawapata, huenda wakauona mwamba mtupu. Lakini Rupingazi haiishi kwa barafu. Barafu iliyobaki ni ndogo mno kulisha mto. Maji yenu yanatoka msituni na kwenye mvua. La kuogopesha ni mvua zenyewe kubadilika na msitu kukatwa, na watu kugombania kinachobaki. Ndiyo maana tunapima.

Njoo Kiirua, Mjomba. Uone vyombo vyetu na hivyo vipande vya barafu tunavyovishusha katika masanduku. Nitakupokea mimi mwenyewe.

Kiende wako


Kiirua
4 Oktoba 1993

Kwa Mjomba Ndwiga,

Natumaini ulifika salama. Nyumbani wote wazima. Mama alishangaa kusikia kwamba ulikuwa Kiirua na hukupita kwake, umbali wa kutembea tu. Nilimwambia huenda ulikuwa na haraka ya gari la kurudi.

Asante sana kwa nduma. Zilikuwa tamu. Unisamehe kwamba hatukupata nafasi ya kuzungumza. Siku ile tulikuwa na wageni wa Daktari Hauser waliotoka ng'ambo, wale ambao ndio hutoa msaada wa kazi hii, na nilikuwa na mambo mengi ya kuwaeleza. Nilipogeuka ulikuwa umekwisha ondoka. Siku nyingine utakuja tukiwa na utulivu.

Msalimie Mama Nyamu.

Kiende


Kiirua
29 Novemba 1993

Mjomba,

Sijapata jibu lako, nami nina wasiwasi kwamba barua yangu ilipotea au kuna mgonjwa nyumbani. Baba na Mama wanaendelea vizuri. Mvua za mwezi huu zimekuwa chache, zimekuja na kuondoka kama mtu aliyekosea nyumba.

Tulikuwa juu tena. Sehemu moja ya barafu, ile ya pembeni tuliyoipita mwezi Juni kwa kamba, sasa ni mawe na tope. Nilisimama hapo nikakukumbuka.

Niandikie hata mistari miwili tu.

Kiende


Kibugu
9 Januari 1994

Kwa Kiende,

Tumeingia mwaka mpya. Mama Nyamu ni mzima. Nyamu alikuja kwa Krismasi. Majani chai yamepungua kwa jua. Mto umeshuka sana, na watu wa Mbeere wamelalamika kwa mkuu wa tarafa kwamba maji hayawafikii.

Barua zako zote mbili zilifika.

Ndwiga


Kiirua
3 Machi 1994

Mjomba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama Nyamu. Mama ana homa ya baridi lakini anaendelea. Ukame huku umekausha hata kisima cha shule.

Nakuandikia kwa moyo mzito. Nadhani umesikia kabla yangu. Mabomba yote mawili yameng'olewa, na vile visanduku vilikutwa vimepondwa kwa mawe. Daktari Hauser alipokwenda aliambiwa kwamba Rwamba ameyauza kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Waliosema hivyo ni wanakamati, Mjomba, na wakatia sahihi. Rwamba yuko rumande Embu. Wengine walisema si wizi, bali Ngai alikasirika kwa kuwa tunaondoa barafu yake mlimani na kutia chuma katika maji yake, kwa hiyo mto ukaupukutisha mzigo. Daktari amecheka na kuandika hayo katika taarifa yake, kwamba watu wa Kibugu bado wamo katika ushirikina.

Ilikuwa imebaki kidogo tupate vipimo vya kiangazi kizima. Mkuu wa tarafa alikuwa ameomba vipimo hivyo ili awapatanishe na watu wa chini.

Wewe ndiye uliyeniambia Rwamba hana uongo. Ulikuwepo? Uliona nini?

Kiende


Kibugu
22 Machi 1994

Mwanangu,

Pole kwa homa ya dada yangu. Mpe maji ya tangawizi. Hapa tunangoja mvua za Machi na mawingu yanakuja hadi kwenye ukingo wa msitu kisha yanarudi.

Kuhusu mabomba, siku ile mimi nilikuwa Embu kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Niliporudi nilikuta mambo yamekwisha kutendeka. Watu wanasema mengi, na mtu mmoja hawezi kuufunga mdomo wa kijiji. Kuhusu Rwamba, kesi iko mbele ya serikali, na serikali itajua ukweli. Mlima una mambo yake ambayo vitabu haviyafikii.

Usijisumbue sana na jambo hili. Mtapata mabomba mengine.

Ndwiga


Kiirua
10 Aprili 1994

Kwa Mjomba Ndwiga,

Mama amepona, na anauliza kwa nini sauti yako katika barua imebadilika.

Juma lililopita nilikwenda Embu kumwona Rwamba. Amekonda. Mke wake hutoka Mbeere kwa miguu kumletea chakula, na siku nyingine hufika saa za kuona wafungwa zimekwisha. Nilimuuliza nani aliyeng'oa mabomba. Akasema hakuona, kwa kuwa siku ile mwenyekiti alimtuma akapeleke magunia kituo cha kupokelea majani, na alikawia huko kwenye foleni. Hakulaumu mtu. Alinisalimia kama mtoto wa nyumba anayoiheshimu.

Kutoka hapo nilipita Kibugu. Wewe hukuwepo. Mama Nyamu alinipa chai, akakaa akanitazama ninavyokunywa, kisha akalia. Alinichukua mpaka ghala yenu. Mabomba yako pale, Mjomba, nyuma ya mbolea, yamefunikwa kwa magunia ya majani. Aliniambia kwamba mkutano ulifanyika sebuleni mwako. Gitari ndiye aliyegundua kwa nini mabomba ni mawili: ukilinganisha maji ya juu na ya chini, unajua mfereji umekula kiasi gani. Mkaogopa mkuu wa tarafa asione kwamba wakati wa kiangazi Kibugu inachukua karibu mto mzima kwa mboga na mifugo, na Mbeere inaachiwa mchanga.

Sasa nauliza. Hilo la Ngai nani alilitoa? Mama Nyamu anasema ni wewe. Anasema ulisimama ukawaambia watu kwamba mlima umekataa, nao wakapata nguvu ya kwenda mtoni wakiimba. Wewe, mzee wa kanisa, uliyeniandikia kwamba mambo ya babu uliyaacha. Hukuyaamini hata kidogo. Uliyatumia.

Na uliniandikia kwamba ulikuwa Embu.

Kiende


Kibugu
1 Mei 1994

Kiende,

Kila mtu hapa ni mzima. Mvua imekuja.

Yote uliyoandika ni kweli, sikanushi neno. Nilikaa na barua yako majuma haya nikitafuta pa kuikosoa, sikupata. Lakini kwa kuwa umefungua ghala yangu, na mimi nitafungua moja yako, kisha kila mtu atazame kilicho chake.

Siku niliyokuja Kiirua nilivaa koti la harusi ya Nyamu. Nduma nilizichimba mwenyewe asubuhi zikiwa na unyevu. Mlikuwa mmekaa uani, mezani, wageni na wewe, na masanduku ya barafu yalikuwa yakipakiwa garini. Nilisimama karibu na lango nikingoja uinuke. Uliniona. Macho yetu yalikutana, usiseme hukuniona. Nikasogea, nikasalimu, nikauliza kwa Kiswahili barafu hiyo inapelekwa wapi, maana nilitaka kujua tu, kama mtu yeyote. Mama mmoja wa Kizungu akakuuliza mimi ni nani. Ukamjibu kwa Kiingereza: ni mzee fulani tu, wa kamati ya maji. Halafu akasema jambo kuhusu watu wanaodhani Mungu anakaa juu kule, wote wakacheka, nawe ukacheka nao. Nilisoma mpaka darasa la saba chini ya wamisionari, Kiende. Kiingereza hicho kinanitosha. Na kicheko chako nakijua tangu ulipokuwa ukibebwa mgongoni na dada yangu. Kile hakikuwa chako.

Niliweka kikapu chini nikaondoka. Sikupita kwa Alice kwa sababu angeniuliza, umemwona mtoto? Ningemwambia nini? Nilikuwa nimesimama kanisani nikisema, huyo anayepima mlima ni damu yangu.

Mwezi wa pili Gitari alipoleta shauri lake, wangenisikiliza kama ningekataa. Nilifungua kinywa nikataze, na nilichosikia kichwani ni hayo maneno: mzee fulani tu. Nikasema moyoni, basi wacha mzee fulani afanye kama wazee wanavyodhaniwa. Nikawapa Ngai wao. Nilijiona mjanja. Walipoanza kuimba, niliogopa.

Sikuandikii haya ili yawe sababu. Rwamba hakunicheka. Rwamba hakuwa na koti la kukaribishwa wala kukataliwa. Najua hivyo. Najua kila asubuhi, na bado sijatoka nje ya lango langu.

Ndwiga


Kiirua
12 Mei 1994

Mjomba wangu,

Leo sitaanza na habari za nyumbani. Mama ameisoma barua yako, nilimpa mwenyewe. Ananiwekea chakula na kuondoka.

Nimekuwa nikijaribu kuandika kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba ni mimi pekee pale mezani wa huku, kwamba niliogopa wangeniona kama mtu wa kijijini aliyeazimwa mavazi. Nimechana karatasi hizo. Hazifai.

Jana jioni tulipokuwa tukila nilimwambia Daktari Hauser. Nilimwambia yule mzee aliyekuja na kikapu mwezi wa Septemba alikuwa kaka ya mama yangu, na kwamba ni kwa ajili yake tulipata mto ule. Aliacha kula. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema? Ningempa kiti changu." Si kwa hasira, Mjomba. Alikuwa anashangaa kabisa. Ndipo nilipojua kwamba hapakuwa na mtu aliyenitaka nikukane. Nilijitolea.

Nimemwambia pia kwamba sentensi yake kuhusu ushirikina si kweli, kwamba watu wa Kibugu walikuwa wakificha maji na walijua wanalofanya. Ameiondoa. Sijui kama nimewapa heshima au nimewavua nguo.

Sikuombi msamaha leo, kwa sababu Rwamba yuko ndani na mimi na wewe tunaandikiana kuhusu nani aliumizwa na maneno. Kesi yake itasikizwa mwisho wa mwezi. Nitakwenda kueleza ninachojua. Lakini nikisema mimi, nitakuwa nimesema kwamba niliyaona mabomba katika ghala ya mjomba wangu. Nakusihi unitangulie.

Kiende


Kibugu
6 Juni 1994

Mwanangu Kiende,

Msalimie Alice. Mwambie nitakuja mwenyewe kuongea naye, si kwa barua, na asinipikie chochote.

Utakuwa umesikia kwamba nilikutangulia. Nakueleza jinsi ilivyokuwa, ili usisikie kwa wengine ikiwa imepambwa. Siku mbili tatu baada ya barua yako kufika, Nyamu alikuwa amekuja nyumbani, nikamwambia aazime mkokoteni. Tuliyatoa mabomba mchana, watu wakitoka sokoni, na sikuyafunika. Gitari alitukuta njiani akanishika mkono, akasema tutaangamia wote, na mfereji utafungwa. Nikamwambia kamati nzima itatajwa, jina langu la kwanza. Hakunisindikiza.

Kituoni askari alidhani nimeyaokota, akanipongeza. Ilibidi nimwambie mara ya pili. Waliandika maelezo yangu, wakanilaza huko, na Nyamu akanitoa kwa dhamana. Kesi yangu itakuja, na wakinifunga nitakaa. Uongozi wa kamati na uzee wa kanisa nimeuacha. Mchungaji alitaka nijiuzulu kimya kimya kwa sababu ya afya. Nilisimama nikawaambia waumini sababu yenyewe. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Walitazama sakafu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mkuu wa tarafa aliita baraza penye mdomo wa mfereji. Watu wa Mbeere walipanda kuja, wanawake na madumu yao matupu, maana walidhani maji yatagawanywa siku hiyo hiyo. Nilisema kiasi tulichokuwa tukichukua, kwa kadiri ninavyojua. Walinisikiliza bila kelele. Mama mmoja mzee aliinama akauangalia mfereji unavyokwenda, akasema kwa sauti ya chini kwamba kiangazi kile alizika ng'ombe wake wote. Kisha akajaza dumu lake. Wamekubaliana mfereji uwe ukifungwa siku kadhaa kila juma wakati wa kiangazi, na mabomba yenu yarudishwe, ili pasiwe na mtu wa kuaminiwa kwa maneno tu. Kama mkubwa wako bado anataka kutuleta katika kazi yake, njooni. Mlima uko wazi asubuhi hizi. Sehemu nyeupe imebaki kama kitambaa kilichosahauliwa juu ya mwamba. Bado naitazama.

Nimechelewesha lililo la mwisho.

Rwamba ameachiliwa. Nilikwenda kumpokea mlangoni pale Embu, na mke wake alikuwapo. Nilikuwa nimeacha mbuzi wa kumwomba radhi nyumbani kwa ajili yake, kama desturi inavyotaka, na maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Alitoka akiwa ameshika viatu mkononi. Alinisalimu vizuri. Nilianza kusema, akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Alimkataa mbuzi, si kwa ukali. Kazi ya kulinda mabomba alisema ataifikiria, lakini majani yangu hatachuma tena.

Nikamuuliza kama alijua ni mimi, siku zote hizo ndani. Akasema hakujua. Akasema, "Mimi nilikuwa nakungoja, Mzee. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama."

Wakaondoka kwa miguu, yeye na mke wake, kuelekea barabara ya Mbeere. Nilibaki pale mpaka askari akaniuliza ninamngoja nani.

Mjomba wako,
Ndwiga